Aliliambia Gazeti Hili

Jumanne, 5 Machi

Hati ya mahakama imeletwa ofisini saa nne asubuhi. Mhudumu wa mahakama alitaka nisaini mbele yake, nikasaini. Akauliza kama mimi ndiye yule wanayemwita Nukta gazetini. Ndiye. Akasema mkewe huzisoma habari zangu kwa sauti kitandani, naye husikiliza huku akijifanya amelala. Sifa ya ajabu hiyo. Nimeipokea.

Jumatatu tarehe 18, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Kesi ya mlinzi wa kiwanda cha magodoro. Mimi ni shahidi wa upande wa mashtaka.

Miezi kumi na minne sasa tangu ule moto. Watu watano walikufa nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, wote washonaji wa foronya za magodoro. Niliandika habari tatu. Wanayoitaka ni ya kwanza. Wameiambatanisha na hati, fotokopi mbaya, picha imekuwa doa jeusi, lakini maneno yanasomeka. Kichwa: ALIFUNGA MLANGO, AKAENDA KUSALI. Aya ya pili: “Mlinzi huyo aliliambia gazeti hili kwamba aliufunga mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kusali.”

Hakuliambia gazeti hili.

Nimeiandika sentensi hiyo hapo juu na kuitazama. Ni mara ya kwanza naiandika mahali popote.

Jumatano, 6 Machi

Niyapange mambo kama ninavyowalazimisha wengine wayapange. Nani, nini, lini, wapi.

Nilifika kiwandani saa tisa alasiri. Moto ulikuwa umeshazimwa, moshi bado. Mlinzi alikuwa kiti cha nyuma ndani ya gari la polisi, amefungwa pingu, nyusi zimeungua. Nilisogea hadi dirishani, hatua moja kutoka usoni pake. Nikamuuliza nani alifunga mlango wa nyuma. Akanitazama, akasema maneno mawili. Gari likaondoka.

Saa kumi na moja na dakika arobaini sajini alinipigia simu. Huyo jamaa kakiri, akasema. Kafunga mwenyewe, kaenda zake kusali. Habari ilitakiwa iwe mezani saa kumi na mbili. Niliandika “kwa mujibu wa polisi.” Nikasoma. Nikafuta. Nikaandika “aliliambia gazeti hili.”

Sababu niliyojipa: nilikuwa nimesimama mbele yake, nilimuuliza, mdomo wake ulifunguka. Ni kitu kilekile.

Si kitu kilekile. Hili ni kosa la kazi yetu peke yetu. Seremala hawezi kulifanya, wala daktari. Unachukua sauti ya mtu mmoja unaivisha mdomo wa mwingine kwa sababu inakaa vizuri zaidi.

Yale maneno mawili sitayaandika leo. Nitakitafuta kwanza kijitabu changu cha kuandikia cha siku ile. Sitaki kuandika kwa kumbukumbu.

Hali ya kesi: wiki jana hakimu alilikataa lile ungamo lililotolewa polisi. Halikuwa na saini, wala hakukuwa na wakili. Msimamizi wa kiwanda ameapa kwamba ufunguo alikuwa nao mlinzi. Mlinzi ameapa kwamba ulikuwa mfukoni mwa msimamizi, na kwamba yeye alikuwa getini. Neno dhidi ya neno. Kilichobaki cha kuelemeza mizani upande mmoja ni aya yangu ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Mhariri kaniita chumbani kwake. Ni mdogo wangu kwa miaka kumi na tisa. Ananiita mama, na husimama nikiingia. Mcha Mungu wa kweli — hatukani hata kompyuta ikizima katikati ya kazi. Hati ameiona. Amefurahi! Anasema ni heshima kwa gazeti. Nitaingia, nitasema habari ni yangu, nitatoka. Dakika kumi.

Nilifungua mdomo. Yeye alikuwa ameshahamia kwenye kazi. Ukurasa wa Jumamosi ya wiki ijayo: je, mtu anaweza kuwa mwema bila dini? Mhubiri mmoja kasema redioni kwamba mtu asiye na dini ni gari lisilo na breki, na simu zimemiminika. Anataka maoni ya watu kumi wa kawaida. Nikamuuliza kwa nini hakuwapa kazi hiyo waandishi wa makala. Akasema: wewe huna upande, mama.

Miaka ishirini na miwili sina dini. Haikuwa msiba, wala hasira, wala kitabu nilichosoma. Ilikuwa kama kuacha kuvaa saa. Siku moja unatazama mkono, haipo, na muda bado unaujua. Kwenye fomu za ofisi nimeendelea kujaza dini ya mama. Hakuna aliyeniuliza. Mimi ndiye huwa nauliza.

Ijumaa, 8 Machi

Watu kumi. Saba wamesema hapana, haiwezekani. Watatu wamesema inawezekana — wawili kati yao wakaomba wasitajwe.

Kinyozi wa kona ndiye pekee aliyekubali atajwe. Alikuwa na mteja kitini, wembe uko chini ya kidevu. Akasema: mimi nashika wembe kooni mwa watu kutwa nzima, unadhani kinachonizuia ni Mungu? Kinachonizuia ni kwamba nawapenda hawa mabwege. Mteja, bila kutikisa kidevu: “Ndugu yangu, sema ni Mungu. Angalau nimalize kunyolewa.” Duka zima likacheka. Mimi pia.

Mkunga wa zahanati amesema hapana, kisha akajirekebisha. Mtoto akitoka hapumui, amesema, mikono yake haiulizi anasali wapi. Inafanya. Lakini akimaliza, hasa ikiwa hakuamka, lazima asali. La sivyo kesho asingerudi. Nikamuuliza nimweke kwenye ndiyo au kwenye hapana. Akanitazama kama nimemuuliza mtoto ana kilo ngapi kabla hajalia. “Andika nilivyosema, dada. Kwani ni lazima uchague wewe?”

Nimeandika alivyosema. Neno kwa neno. Nilirudia kumsomea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempeleka mama ibadani kama kawaida. Namshika mkono hadi safu ya tatu, kisha narudi nyuma karibu na mlango. Ana miaka themanini na mmoja, na sauti yake bado inawazidi wote.

Baadaye, nyumbani, nilikuwa namkata kucha za miguu. Anapenda nifanye hivyo baada ya ibada, anasema ndiyo sehemu yangu ya ibada. Nikamweleza yote. Moto, simu ya sajini, sentensi. Hakunikatiza. Alivuta mguu mara moja tu, nikadhani nimemkata.

Akauliza: huyo baba wa watu yuko wapi sasa? Rumande, nikasema. Tangu siku ile? Tangu siku ile.

Kisha: utasema?

Nikamwambia nitasema. Tatizo ni kwamba kabla ya kusema watanipa kitabu nikiinue, nami kitabu hicho... nikashindwa kumalizia. Miaka ishirini na miwili ya kukaa karibu na mlango, na sentensi ikanishinda, mimi.

“Huamini,” mama akasema. “Kwani unafikiri hapo nyuma sikuoni? Wenzio wote wakifumba macho, wewe unahesabu watu.”

Ni kweli. Nahesabu. Ni mazoea ya kazi.

Akasema niape tu, Mungu anajua kuchambua. Nikamwambia nikiapa kwa nisichokiamini nitakuwa nimeanza ushahidi kwa uongo. Akanitazama kwa jicho alilokuwa akinitazamia nikivunja kikombe. “Na siku ile ulipoandika, kulikuwa na kitabu mkononi? Hakikuwapo. Ulidanganya mikono mitupu. Basi usikisingizie kitabu.”

Nimemaliza mguu wa kushoto. Kisha nikamtengenezea chai.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekipata kijitabu. Kilikuwa ndani ya boksi la viatu pamoja na vya mwaka ule vyote. Jalada limenasa harufu ya sponji iliyoungua, au najidanganya.

Ukurasa wa tisa. Mwandiko wangu, wa haraka:

*mlz. nyusi. pingu. nimemuuliza nani alifunga. — “Naomba maji.”*

Basi. Hicho ndicho alicholiambia gazeti hili. Naomba maji.

Nilikuwa na chupa ndani ya mkoba. Nakumbuka, kwa sababu nilimaliza kuinywa ndani ya teksi nikirudi ofisini. Sikumpa kwa sababu nilikuwa naandika.

Ukurasa wa kumi na moja ni simu ya sajini. Imeandikwa wazi: *sjn. kwa simu, 11:40.* Kwa hiyo nilijua. Hakuna mahali pa kusema nilichanganya.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni baya kuliko haya. Nimejiuliza kwa nini sikupiga simu hata moja ya kuhakikisha. Muda ulikuwepo, dakika ishirini. Nimeshawahi kuhakikisha habari tatu katika dakika ishirini. Jibu ni kwamba niliipenda ile sentensi. Akafunga, akaenda kusali! Ilinikaa rohoni kama ufunguo kwenye kufuli yake. Mtu anawafungia wenzake, kisha anapiga magoti. Ilithibitisha kitu nilichokuwa nimeshaamua kuhusu watu wa safu ya tatu. Nisingeipokea bila kuihakikisha kama ingesema akafunga, akaenda kuvuta sigara.

Yule mhubiri wa redioni anasema dini ni breki. Sijui. Ila siku ile kilichokanyaga mafuta kilikuwa kutoamini kwangu. Liingie humu, kwa kuwa hakuna kwingine pa kuliweka.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nimempigia mwendesha mashtaka. Nimemwambia ile nukuu sikuisikia mimi mwenyewe. Nikasikia mlango wa ofisi yake ukifungwa. Kisha, kwa adabu: njoo, mama, utajibu utakachoulizwa. Nikamwambia nitajibu pia nisichoulizwa. Akasema tutaonana Jumatatu.

Saa nane mchana mapokezi wakapiga: kuna mgeni. Mke wa mlinzi. Nilimtambua kwa sweta — lilelile la siku ya kwanza ya kesi. Mwembamba, anaongea akiangalia mikono yake. Nilimkaribisha chumba cha mikutano, akakataa kiti cha mbele yangu, akakaa pembeni yangu.

Hakuja kulalamika. Alisema amesikia nitaitwa, akaona si vizuri tukutane mara ya kwanza mbele ya watu. Akasema mumewe ananisalimu. Ananiombea kila siku.

Nikamuuliza ananiombea nini.

“Ukumbuke.”

Nikamwambia nakumbuka. Nikamwambia alisema naomba maji, na kwamba sikumpa, na kwamba yale mengine hakuniambia yeye. Nilitegemea alie, au anitukane. Alipangusa meza kwa kiganja, meza safi, na kusema: basi sala zimefika.

Hapo ningenyamaza. Nilimwambia mimi si mtu wa sala. Kwa nini nilimwambia? Kwa sababu Jumatatu atalisikia mbele ya watu, naye amenifundisha sasa hivi kwamba hilo si vizuri.

Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyempa mtoto wake abebwe na mgeni.

“Huna Mungu kabisa, mama?”

“Sina.”

“Sasa pale juu, ukitaka kuteleza, nani atakushika?”

Miaka thelathini na moja nauliza watu maswali. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Jumatano, 13 Machi

Wakili wa mlinzi. Chumba kimoja, mafaili hadi dirishani, mama wa makamo mwenye viatu vya raba chini ya sketi nzuri. Amekisoma kijitabu ukurasa wa tisa mara tatu. Akavua miwani. Akasema maneno ambayo wakili hatakiwi kusema mbele ya shahidi, kisha akaomba radhi.

Kisha nikamweleza kuhusu kiapo.

“Hapana,” akasema. “Hapana, hapana, dada yangu. Usiniletee falsafa Jumatatu asubuhi.”

Hoja yake ni nzuri, naiandika kwa haki. Hakimu ni mtu wa ibada. Mwendesha mashtaka atanigeuka mara tu nitakapoikana nukuu. Atasema: ulidanganya nchi nzima, leo unataka tukuamini? Na nikiwa nimekataa kitabu, ataongeza: kwa lipi? Kwa jina la nani? Mlinzi ndiye atakayelipia usafi wangu. “Wewe utatoka pale na msimamo wako, yeye atatoka na miaka kumi na mitano. Shika kitabu, sema maneno, ni sekunde nane. Mungu hatakudai, kwa kuwa unasema hayupo!”

Akacheka mwenyewe. Sikuweza kucheka, ingawa ni mzaha mzuri.

Nikamwambia: mara ya mwisho nilipobadilisha kitu kidogo ili kiaminike zaidi, ndicho hiki kilichotuweka hapa.

Akavaa miwani. Akasema sheria inaruhusu uthibitisho bila kiapo, yeye amewahi kuuona mara moja tu, tangu aanze kazi. Akaniuliza swali la mwisho: unaamini mteja wangu hakufunga mlango?

Sijui, nikamwambia. Sijawahi kujua. Ninachojua ni kwamba hakuniambia.

“Ukiulizwa hivyo, utajibu hivyo?”

“Hivyo hivyo.”

“Mungu wangu,” akasema. Kisha: “Samahani.”

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia mhariri. Mlango umefungwa. Alisimama nilipoingia na hakukaa tena.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliuliza kama kuna mwingine anayejua. Nikamtajia. Aliuliza kama kijitabu kingeweza kuwa kimepotea. Nikamwambia kingeweza, lakini hakijapotea. Akafumba macho — anasali kimoyomoyo, namjua — na akafumbua na swali la kweli: “Na kama ndiye aliyefunga? Watu watano, mama. Mmoja alikuwa amevaa viatu vipya siku hiyo, uliandika wewe. Ukimfungulia mlango muuaji?”

Hilo nimelifikiria tangu Jumanne ya kwanza. Wale watano wana ndugu, nao hukaa mkono wa kushoto mahakamani. Nikamwambia: wahukumu kwa ushahidi uliopo. Wangu haupo.

Akasema gazeti litalazimika kuchapa masahihisho ukurasa wa kwanza, na jina langu halitaonekana tena humu. Hakusema kwa ukali. Macho yalikuwa mekundu. Nilipofika mlangoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli: “Huogopi?”

Naogopa. Nilidhani linaonekana.

Jumamosi, 16 Machi

Ukurasa umetoka. Mkunga ametoka vizuri, neno kwa neno. Kinyozi amekatwa, mabwege wake wamekuwa “wateja,” na mzaha wa wembe haumo. Juu kabisa, kwa herufi ndogo: *Maoni yamekusanywa na mwandishi wetu.* Huenda ndiyo mara yangu ya mwisho kuwa mwandishi wao.

Mama ameniambia nimsomee yote. Kwa mkunga alisema, huyu ananyoosha maneno. Kwa wale waliosema haiwezekani kabisa aliguna. Akasema anawajua wengine wa safu yake ambao hata bila dini wangekuwa wabaya vilevile.

Kisha akatangaza kwamba Jumatatu anakuja. Nikamwambia mama, nitasimama pale na kusema mbele ya watu kwamba sina dini. Majirani watakuwepo. Watu wa safu ya tatu watasikia kabla ya chakula cha mchana.

“Nitakaa nyuma,” akasema. “Karibu na mlango. Kama wewe unavyokaa kwetu.”

Jumapili, 17 Machi

Sijafanya kitu. Nimepiga pasi gauni la kijivu. Nimesoma ukurasa wa tisa.

Nani atakushika? Nimelibeba swali lile siku tano. Nimejaribu majibu makubwa — ukweli, heshima ya kazi, dhamiri. Ni maneno ninayoyafuta kwenye habari za wengine. Jibu nililobaki nalo ni dogo, na linaaibisha kidogo: wewe, mama mwenye sweta. Utakuwa benchi la mbele. Nitakuwa nakutazama.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya chumba namba mbili, saa tatu na robo. Wamechelewa kuanza.

Mama yuko ndani, nyuma, karibu na mlango. Mke wa mlinzi yuko mbele. Ndugu wa wale watano upande wa kushoto, safu mbili. Niliwahesabu: kumi na mmoja. Mhariri amekuja. Amekaa katikati, amefumba macho.

Wamempitisha mlinzi hapa. Nyusi zimeota upya, nyeupe. Alisimama nilipo, askari naye akasimama, nadhani kwa mshangao. Akasema: “Habari za asubuhi, mama.” Nzuri, nikasema, za kwako. Akasema njema. Basi. Leo nina chupa ya maji, nikamnyooshea. Askari akasema mshtakiwa hapokei kitu koridoni. Iko chini ya benchi, imejaa.

Saa tatu na dakika ishirini na tano. Karani ametoka na kitabu kila mkono, miwani imepanda kichwani. Akauliza: nikuapishe kwa kipi? Nikamwambia si hiki wala kile. Akaviangalia vyote viwili kama vimemkosea.

“Umekuja bila dini?”

Kama vile nimesahau kitambulisho nyumbani.

Nikamwambia kuna maneno ya uthibitisho, sheria inaruhusu. Akasema yapo, yalikuwa kwenye kadi, kadi hajaiona tangu ahamie kituo hiki. Ameingia kutafuta. Nasikia droo zinafunguliwa. Moja. Mbili. Mtu anamwambia aangalie chini ya birika.

Amerudi. Hakuna kadi. Vitabu amevibana kwapani. “Wewe si mwandishi? Niandikie. Fupi, hakimu hapendi hadithi. Ataisoma kwanza, akiridhika utaitamka.”

Miaka thelathini na moja, na hii ndiyo kazi waliyonibakizia. Nianze humu, kisha ninakili.

*Ninathibitisha kwa dhati ya moyo wangu, na mbele ya mahakama hii tukufu* — hapana. Dhati ya moyo. Tukufu. Nafuta.

*Ninaahidi kusema ukweli mtupu.* Nilisema hivyo siku niliyoajiriwa. Nafuta.

*Nitasema nilichosikia mimi mwenyewe, na nitataja nilichokisikia kwa wengine kuwa ni cha wengine. Nisichokijua nitasema sikijui. Hakuna ninayemtaja kunishuhudia ila mliopo humu, na nikidanganya ninyi ndio mtakaoumia. Najua, kwa sababu nimeshafanya hivyo.*

Karani amesoma juu ya bega langu. Amekuna kidevu. Anasema sentensi ya mwisho si ya kiapo, hiyo tayari ni ushahidi. Niiondoe?

Acha hivyo hivyo, nimemwambia.

Anasema hakimu anaweza kukataa. Anaweza kuniambia nishike kitabu au niondoke. Nimemwambia najua. Bado hajaenda. Amesimama na karatasi mkononi, anaisoma tena, midomo inachezacheza. Anauliza kama anaweza kubaki na nakala, kwa ajili ya watakaofuata.

Mlango umefunguliwa. Mama amegeuka kwenye kiti chake cha nyuma, ananitazama, hajafumba macho. Wanaita jina langu lote, hadi la babu. Kitakachotangulia ni hiki nilichoandika, wakikikubali. Kisha ukurasa wa tisa, maneno mawili, na baada ya hapo mwendesha mashtaka atasimama na — wananiita tena.